Jaketi Lililotundikwa Nyuma ya Mlango

Nyuma ya mlango wa chumba changu hapa Mwanga, Kigoma, limetundikwa jaketi jeusi la kuzamia. Mara ya mwisho kulivaa ni siku nitakayoisimulia hapa, na sitalivaa tena. Halijachanika popote. Mikanda iko kamili, mifuko inafunga, na mgeni akiliona mara nyingi huuliza bei. Namwambia haliuzwi, kisha nalishusha, nafungua valvu ya begani na kumwomba aingize kidole ndani. Wengi hukichomoa haraka na kukifuta kwenye suruali. Ndani kunanata kama mgongo wa stika, na kidole hutoka na vipande vyembamba vinavyong'aa, mfano wa ganda la ndani la kitunguu.

Kwa asiyezama nieleze kidogo. Jaketi hili wazamiaji hulitaja kwa herufi tatu, BCD, na kazi yake ni ile ya kibofu cha hewa ndani ya samaki. Mzamiaji akishuka, maji yanaibana hewa iliyomo kwenye vitundu vya suti yake ya mpira, suti inasinyaa, naye anazidi kuwa mzito. Hapo anabonyeza kitufe, hewa kidogo inatoka kwenye mtungi na kuingia kwenye jaketi, anatulia katikati ya maji bila kuzama wala kupanda. Akianza kupanda, hewa ile inatanuka, inabidi aitoe kidogo kidogo kupitia valvu. Hewa ya lita 10 iliyoko mita 20 chini, ukiiacha ipande bila kuipunguza, itakaribia lita 30 ikifika juu. Kwa hiyo kuna hatari mbili. Jaketi lisiloshika hewa linakuachia uzame, na jaketi lisilotoa hewa linakurusha juu kabla mapafu na damu havijawa tayari.

Miaka ile nilikuwa kwenye kikosi cha kuvua samaki wa mapambo. Ziwa Tanganyika lina zaidi ya aina 200 za samaki wa jamii ya sikilidi, na karibu wote hawapatikani katika ziwa lingine lolote duniani, ndiyo maana wanatafutwa na wafugaji wa samaki wa Ulaya, Marekani na Asia. Tulikuwa tunatandaza nyavu fupi kati ya mawe, tunawaswaga kwa mikono, tunawachukua mmoja mmoja. Wale wakubwa wa buluu wenye mistari saba, ambao wanunuzi wanawajua kwa jina la Kigoma, wanakaa chini sana. Ukimpandisha haraka, kibofu chake kinavimba mpaka anageuka tumbo juu na kufa. Kwa hiyo tuliwaweka kwenye mapipa yaliyotobolewa, tukayapandisha mita chache, tukayafunga kwa kamba, kesho mita chache tena. Samaki mmoja alitumia siku kadhaa kufika juu. Uangalifu wote huo ulikuwa kwa kibofu cha samaki. Vibofu tulivyovaa sisi mgongoni hakuna aliyevikagua, si mwajiri wala sisi wenyewe, na hilo mpaka leo linaniuma.

Jaketi la kazini lilikuwa limechoka, nikaamua kununua langu. Likaletwa kutoka Pwani na mtu aliyekuwa akiuza vifaa vilivyotumika. Nililitazama kama ninavyotazama begi: nikavuta zipu, nikabana mikanda, nikalijaza hewa kwa mdomo, likavimba, nikalipa. Kitambaa chake cha nje kilikuwa kizito na kigumu, na muuzaji alikisifia kwa neno moja tu: "Bosi, hii ni denia elfu." Sikujua denia ni nini. Nilijua tu kwamba elfu ni nyingi.

Siku ya tatu tangu nilipoanza kulivaa tulikuwa kwenye miamba ya kusini, nje ya ghuba. Mita 22. Mwenzangu alikuwa upande wa pili wa wavu. Nikajiona nashuka, nikabonyeza kitufe, nikahisi mabega yananyanyuka, kisha nyuma ya sikio la kulia nikasikia mlio kama wa maji yanayochemka ndani ya sufuria iliyofunikwa. Nikashuka tena. Nikabonyeza tena. Kila nikibonyeza napata utulivu wa kuhesabu mpaka tano, halafu mlio ule unarudi na miguu inavutwa chini. Nikatazama geji inayoonyesha mgandamizo wa hewa iliyobaki mtungini: nilikuwa nimeshuka na zaidi ya bar 180, sasa ilisoma 120, na nilipoitazama tena baadaye kidogo ilikuwa 90. Hewa ambayo ningevuta kwa dakika nyingi ilikuwa inatokea begani na kwenda zake juu.

Ziwa hili mahali penye kina kikubwa linafika mita 1,470, na hapa kwetu Kigoma nako mteremko hauishii karibu na mwambao. Chini yangu mawe yalikuwa yanaishia kwenye buluu, na buluu inaishia kwenye weusi. Nikashika jiwe. Nikaacha kitufe. Nikaanza kupanda jiwe kwa jiwe kwa mikono, nikitoa pumzi polepole, kama mtu anayepanda kilima cha Bangwe kwa magoti. Mwenzangu akaniona, akaja akanishika mkanda wa bega, akajaza hewa jaketi lake kidogo kwa ajili yetu wote wawili. Mita 5 tukasimama tumekumbatia mwamba, dakika tatu, kisha tukatoka.

Pale ufukweni nilifungua valvu ya begani kwa vidole. Chini ya kile kipande cha mpira kinachoziba kulikuwa na kipande cha utando, upana wa ukucha wa kidole kidogo, kimekaa mshazari. Kitu hicho tu. Mpira haukuweza kukaa sawa juu yake, na hewa ikapata njia.

Siku hiyo kulikuwa na kosa la pili, nalo lilikuwa langu mwenyewe. Nilikuwa nimefunga kiunoni vipande vya risasi, ule uzito wa kumsaidia mzamiaji kushuka, kilo 8, kwa sababu rafiki yangu wa Tanga anafunga kilo 8. Yeye anazama baharini. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa takriban gramu 1,025, ya maji yetu ni kama gramu 1,000, kwa hiyo bahari inambeba mtu zaidi. Mtu na vifaa vyake wakiwa kilo 100 hivi, akija ziwani anatakiwa kupunguza kama kilo mbili na nusu. Nilikuwa nabeba uzito wa bahari ndani ya ziwa, na jaketi bovu ndilo lililokuwa likinidai huo mzigo wa ziada. Leo nafunga kilo 5 na nusu. Na anayetoka Pwani akumbuke pia kwamba uso wa ziwa letu uko mita zaidi ya 770 juu ya usawa wa bahari. Majedwali ya kuzamia, yale yanayoonyesha ukae muda gani kwenye kina gani, yaliyoandikwa kwa ajili ya bahari hayatumiki hapa bila kurekebishwa.

Jaketi nililipeleka kwa mzee mmoja fundi cherehani, jirani yetu, ambaye maisha yake yote ameshona sare za shule, maturubai na mapazia ya mabasi. Hajawahi kuzamisha hata kichwa ziwani. Nilimwendea nikitaka anishonee kiraka kwa ndani, nikidhani tatizo ni tundu. Akavaa miwani, akaligeuza, akafungua valvu kama nilivyomwonyesha, akanusa.

"Mwanangu, hii nguo imekufa ndani," akasema. "Nje bado inaishi."

"Si denia elfu, mzee?"

"Denia ni uzi. Wewe ulinunua uzi. Kinachoshika hewa si uzi."

Halafu akanifundisha jambo ambalo kwa miaka yangu yote ya kuzama hakuna aliyenieleza. Denia ni uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Akanipa mfano wa kwetu: uzi uliotandazwa kutoka Kigoma mjini kufika Ujiji hivi, ukiukunja wote ukauweka kwenye mizani, gramu zake ndiyo denia yake. Uzi wa denia 420 hautimizi nusu kilo. Wa 1,000 ni kilo nzima. Basi nambari ile inakwambia unene wa uzi, haikwambii umefumwa kwa kubanana au kwa kuachana, wala imepakwa nini. Akachukua kipande cha turubai na kipande cha begi la shule, akavishika vyote viwili kuelekea mlangoni palipo na jua. Begi lilikuwa na uzi mnene zaidi, na mwanga ulipita kwenye matundu yake kama kwenye chekecheo. Turubai lilikuwa na uzi mwembamba na halikupitisha kitu.

Nailoni yenyewe, kwa jinsi ilivyofumwa, haishiki hewa. Inayoshika ni ngozi ya poliurethani iliyopakwa upande wa ndani. Kitambaa cha nje kipo kuzuia mawe, misumari ya boti na mikwaruzo. Majaketi mengine huwa na mifuko miwili, wa ndani wa kushika hewa na wa nje wa kuukinga, na hapo uzi mnene wa nje una maana kubwa. Mengine, kama hili langu, ni tabaka moja: kitambaa hicho hicho kinakinga na kushika hewa. Mimi naona kwa kazi ya mawe kama yetu mifuko miwili ni bora, hata kama ni mizito na inachelewa kukauka, kwa sababu wa ndani ukiharibika unabadilishwa na wa nje unabaki.

Nini kinaua poliurethani? Maji na joto, vikikaa pamoja muda mrefu. Unyevu unakata minyororo ya kemikali inayoishikilia ngozi ile, na joto linaharakisha kazi hiyo. Ziko aina mbili kubwa: moja imetengenezwa kwa esta, nyingine kwa itha. Ya esta huwa ngumu kukwaruzika lakini hukatwa na unyevu mapema. Ya itha hustahimili maji zaidi, na kuvu pia. Lebo nyingi haziandiki ni ipi. Ila hata iliyo nzuri utaiua ukiitunza kama tulivyotunza sisi: linatoka majini, halimwagwi maji yaliyoingia ndani, linatupwa stoo chini ya bati. Anayejua stoo ya bati hapa Kigoma saa nane mchana mwezi wa tisa, kabla mvua hazijaanza, anajua nasema nini. Ni kama kulipika kwa mvuke kila siku.

Tangu hapo nina mazoea yangu ya kupima, na mengine nimeyatoa kwa mafundi ambao hawana habari na kuzama.

La kwanza ni kuonja. Jaketi lililotumika namimina humo lita mbili za maji ya bomba, nalitikisa kwa dakika kadhaa, nayatoa kwenye bakuli jeupe, natazama, kisha naonja tone moja kwenye ncha ya ulimi na kutema. Maji yakiwa na chumvi, limetoka baharini na mwenyewe hakuwa akilisuuza ndani. Chumvi ikikauka inakuwa chembe zenye makali, na kila jaketi linapokunjwa chembe zinasugua ngozi ya ndani. Yakitoka na vipande vinavyong'aa, namrudishia mwenyewe bila kujadili bei. Nilipofanya hivyo kwa jaketi langu, baada ya kuchelewa, bakuli lilijaa maganda kama mtu ameosha vitunguu ndani yake.

Pua nayo inafanya kazi. Utando unaooza una harufu yake, ya ukali unaokaribia siki au maziwa yaliyochacha, tofauti kabisa na harufu ya kuvu ya nguo iliyokunjwa mbichi. Kuvu unaweza kuosha. Ile nyingine haina dawa.

Rangi niliifunzwa na yule mzee. Jua huozesha nailoni. Ukitaka kujua limeanikwa juani kiasi gani, usitazame mgongo peke yake, inua kifuniko cha mfuko uone rangi ya chini yake, kisha linganisha. Jeusi lililogeuka kahawia au kukaribia zambarau pale penye jua limekwisha nguvu. Kwaruza hapo kwa ukucha: likitoa vumbi la uzi, usiendelee. Yeye hata sare za shule alizipima hivyo hivyo, chini ya kola.

Mshono ndio sehemu ninayokaa muda mrefu kuliko zote. Kibofu kizuri hakijashonwa kwa sindano mahali pa kushika hewa, kwa sababu kila tundu la sindano ni pancha iliyokwisha kuwapo. Hubanwa kwa umeme wa masafa ya juu, ngozi mbili za ndani zikayeyukiana na kuwa moja. Ukanda wa mahali palipoungwa ukiupapasa unapaswa kuwa na upana ule ule kuzunguka kote, bila mahali palipoungua na kuwa rangi ya chai, bila mahali palipokuwa pembamba na kung'aa kama kioo. Penye kona na mahali valvu zinapokaa ndipo mikono ya kiwanda hukosea, na ndipo ninapopapasa mara mbili. Kama limegundishwa kwa gundi, nainua ukingo kwa ukucha taratibu. Gundi iliyochoka inaachia kwa mlio mdogo, kama bandeji inapobanduliwa kwenye ngozi kavu.

Mishono ya nje, ya mikanda na mifuko, hiyo ni ya sindano na lazima iwe hivyo. Hapo naangalia uzi. Nakata kijiuzi kinachoning'inia, nakiwasha kwa kiberiti. Kikiyeyuka na kujikunja kuwa kishanga kigumu ni nailoni au polyesta. Kikiwaka mpaka mwisho na kuacha jivu lenye harufu ya karatasi, ni pamba, na pamba kwenye maji inaoza. Nimewahi kuliona jaketi lililotengenezwa vizuri kila mahali, ila mkanda wa kushika mtungi ukawa umerudiwa na mtu kwa uzi wa pamba. Mtungi uliojaa ni zaidi ya kilo 14. Ungeachia siku moja tu, na mtu asingejua kwa nini.

Vyuma navipima kwa sumaku niliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu. Pete ikinasa kwa nguvu ni chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya fedha, itashika kutu. Isiponasa inaweza kuwa chuma cha pua, au shaba nyeupe kwa juu, kwa hiyo nakwaruza pembeni kidogo nione kama kuna njano chini. Sumaku haiwezi kukutenganishia chuma cha pua cha 304 na cha 316, na muuzaji anayekwambia anaweza kukuonyesha tofauti yake kwa sumaku anakudanganya. Kile cha 316 kina molibdeni, ndiyo inayokisaidia kuhimili chumvi. Kwenye ziwa letu 304 inatosha kabisa. Anayezama Zanzibar mara kwa mara atafute 316.

Bizimu za plastiki nazipinda kidogo. Zikitoa mistari myeupe kwenye shingo, zimechoka. Zile nzuri zina ule mlio mmoja mkavu zinapofunga, na zinafunguka hata vidole vikiwa vimelowa.

Valvu na infleta, kile kishikio chenye kitufe cha hewa, nazifungua zote, kwa sababu ndizo zilizotaka kuniua. Springi iwe ya chuma cha pua. Kipande cha mpira kiwe laini, kisiwe kimeacha alama ya duara iliyozama sana pale kinapokaa. Ziwa Tanganyika maji yake yana magadi na chokaa, pH yake hukaribia 9, na jaketi lililokauka bila kusuuzwa kwa maji safi huacha unga mweupe kwenye kingo za valvu. Unga huo mtu anaweza kuudhania vumbi. Ukisugua kwa kidole hautoki. Unatoka kwa maji yenye siki kidogo, kwa dakika chache, kisha suuza sana, na oringi, ile pete ya mpira ya kuzibia, ipakwe mafuta ya silikoni, si mafuta ya kula wala grisi ya gari, maana hizo huvimbisha mpira. Kitufe cha hewa nakibonyeza mara ishirini mfululizo na kuachia ghafla kila mara, nikitega sikio. Chembe moja ya mchanga wa Kibirizi ikikaa mahali pabaya, kitufe kinabaki kimebonyea na hewa inaendelea kuingia yenyewe. Bomba lenye mikunjo linalounganisha infleta na jaketi nalivuta mpaka mwisho wake na kutazama kati ya kunjo na kunjo, kwani nyufa hujificha hapo, wala huzioni likiwa limelegea.

Na matundu? Hilo nililijua tangu utoto, na kila aliyekaa karibu na fundi baiskeli analijua. Jaza, zamisha kwenye beseni, fuata mapovu. Jaketi halienei kwenye beseni, kwa hiyo natumia povu la sabuni na brashi ya rangi, kipande kwa kipande. Tundu la mwiba au la ndoano linazibika kwa kiraka na gundi ya poliurethani, na linadumu. Kuna anayeogopa jaketi lenye kiraka na kulikimbilia lisilo nacho. Mimi ninachukua lenye kiraka kimoja kilichobandikwa vizuri juu ya ngozi nzima, naliacha lisilo na tundu ambalo ngozi yake inanata.

Mwaka jana alikuja kijana mmoja wa Katonga. Ameanza kuzama, ana bidii, na alikuwa amepata jaketi la kununua. Alikuja nalo begani, akiwa amemwahidi mwenye jaketi kwamba atamjibu kesho yake.

"Kaka, nitazamie," akasema. "Mimi nimelipenda."

Lilikuwa zuri kwa macho kuliko langu. Onjo la maji lilikuwa safi, bila chumvi, bila maganda. Harufu hakuna. Rangi chini ya kifuniko ilikuwa sawa na ya juu. Mikanda na uzi vilikuwa sawa, sumaku haikunasa. Valvu mbili za nyuma zilikuwa nzuri, ya begani nayo nzuri. Nikaona uso wa kijana unafunguka kila nilipomaliza sehemu moja. Nami nilitaka liwe zima, kwa sababu nilijua amekopa fedha hizo kwa mama yake anayeuza dagaa.

Ikabaki jaribio la kulala, yaani kuliacha limejaa hewa usiku kucha. Tukalijaza mpaka valvu ya usalama ikafungua yenyewe na kupuliza, tukaacha itulie. Tukalilaza juu ya mkeka chumbani, mbali na dirisha. Nikachukua tepu ya kupimia nguo ambayo yule mzee fundi alinipa kabla hajafariki, nikaizungusha mahali pa kiuno. Inchi 41. Nikaandika kwenye kipande cha boksi na saa: tatu usiku.

"Asubuhi likipungua kidogo usishtuke," nikamwambia. "Usiku hewa inapoa, inajikunja. Hapa ndani joto likishuka nyuzi kumi, hewa inapungua kama sehemu tatu kwa mia. Kwenye tepu hata robo tatu ya inchi haifiki. Tutapima tena saa tatu asubuhi, chumba kikiwa kimepata joto."

"Na likipungua zaidi?"

"Tutatafuta linapotokea."

Alilala kwangu. Saa kumi na mbili nilisikia ameamka na kuliendea. Sikuinuka, nikamwacha. Saa tatu tukapima wote wawili, yeye akashika ncha ya tepu. Inchi 36 na nusu. Tukalijaza tena na kulipaka povu la sabuni, na hakuna mahali lilipobubujika, mpaka tulipofika chini ya mfuko wa kushoto, kwenye kona ya mshono uliobanwa. Hapo povu halikutoa mapovu makubwa. Lilikuwa linazaa vipovu vidogo sana, vingi, kama jasho, kwa urefu wa kidole kizima, mahali ambapo ukanda wa muungano ulikuwa umeungua na kuwa mwembamba tangu kiwandani. Mahali hapo kiraka hakishiki, kwa sababu hakuna pa kushikia. Nilimwonyesha kwa tochi ya simu kupitia tundu la valvu, akaona ile rangi ya chai.

Alikaa kimya muda mrefu, amelipakata kama mtoto. Kisha akalikausha kwa kanga, akalikunja na kulitia kwenye mfuko wake, akaniomba tepu ile aende nayo, akampimie mwenye jaketi mbele ya macho yake. Nikampa. Alirudi jioni na fedha ya mama yake mfukoni na tepu mkononi, akaitundika kwenye msumari ule ule, juu ya jaketi langu.

"Kaka," akasema, "kuna jingine liko Ujiji. Kesho tunaweza kwenda?"

Nikamwambia abebe bakuli jeupe.